Vifuu Nyuma ya Shuka

Jumamosi ile duka la Waafrika pale Burnsville lilijaa watu kama kituo cha basi. Theluji ya Machi ilikuwa imeanza kuyeyuka, na kila aliyeingia aliacha tope jeusi mlangoni. Makena alijipenyeza katikati ya vitoroli akiwa bado na sare yake ya uuguzi, koti wazi, funguo za gari mkononi. Alikuwa na haraka. Makena alikuwa na haraka siku zote, hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Alitaka nazi. Zilikuwa zimebaki mbili tu, na zote zilikuwa mikononi mwa mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu ya sufu. Alizigonganisha karibu na sikio, akafumba macho, akazigonganisha tena.

"Samahani, kaka," Makena alisema. "Unanunua au unapiga muziki?"

Mwanamume alifumbua jicho moja. "Nasikiliza farasi."

"Farasi?"

"Huyu wa kushoto amezeeka. Lakini huyu, ah! Huyu anakimbia."

Makena alijizuia asicheke, akashindwa. "Mimi nina watu wa kanisa wanaongoja maharagwe ya nazi kesho. Farasi wako watafute malisho mengine."

"Unataka nyama yake?"

"Na tui lote."

"Basi hatuna ugomvi, dada yangu. Mimi nataka vifuu tu. Wewe ukune, upike, ushibe, halafu unirudishie. Ila upasue katikati sawasawa. Usije ukaniletea vigae."

"Na nikitoroka na nazi zako?"

"Ndiyo maana naomba namba ya simu."

Aliitwa Byamungu. Alifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala moja kule Savage, karibu na mto, na alipiga simu kesho yake kabla maharagwe hayajapoa.

"Vifuu vyangu vinaendeleaje?"

"Vimeoga, vimelala."

"Na anayevilea?"

"Anawahi shifti. Sema haraka, Bya."

"Umeshanipa jina fupi! Bon, leo nalala nikicheka."

Kwa simu hiyo na nyingine zilizofuata, alimweleza habari ya farasi. Byamungu alizaliwa Uvira, akakulia katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na huko alikuwa msimulizi wa video. Filamu ilikuja kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, naye akasimama kando ya televisheni na kusema kwa niaba ya wote: polisi, mwizi, bibi arusi, hata mbwa. Watu walilipa kumsikia yeye kuliko kuiona filamu. Sasa Cyrus, Mkenya anayefundisha historia ya sinema katika chuo kimoja cha Saint Paul, alikuwa amepata kipande cha filamu ya kale kutoka Australia, isiyo na sauti, akamwomba aisimulie kwa Kiswahili katika ukumbi wa kanisa Apple Valley, Jumapili mbili mfululizo.

"Huko Australia nao walifanya hivyohivyo," Byamungu alisema. "Mtu mmoja anasimama pembeni anasimulia. Wengine wanajificha nyuma ya pazia, wanapiga kwato, wanapiga risasi za uongo. Nilimwambia Cyrus, mwalimu, hawa wazungu wa zamani ni watu wa kambini kabisa!"

"Na wewe unatafuta mpiga kwato."

"Nimeshampata. Vifuu viko kwake."

Ndivyo Makena alivyojikuta, jioni ya mazoezi baada ya kazi, amepiga magoti nyuma ya shuka kubwa jeupe la kuonyeshea filamu, mbele ya sinia lililojaa mchanga, kifuu kila mkono. Kutoka huko nyuma picha ilionekana imegeuka, kushoto kulia, lakini ilionekana. Kulikuwa na jambazi wa porini juu ya farasi, askari waliomfuata, na mwanamke aliyevaa gauni refu la kola nyeupe, ameketi juu ya sanduku mbele ya nyumba akimngoja. Upepo ulipovuma, ukuta wa nyumba ulipepea.

"Ukuta gani huo?" Makena aliuliza.

Cyrus, mtu mpole wa miwani, alieleza kuwa waigizaji wale walikuwa watu wa jukwaani. Walikuwa na mchezo wao, wakauchukua na mavazi na mapazia yaliyochorwa nyumba, wakaenda navyo porini kupiga picha. Hata mikono waliirusha juu vile ili aliyekaa safu ya mwisho awaone, ingawa porini hapakuwa na safu yoyote.

"Maskini," Makena alisema. "Nyumba yake ni kitambaa."

"Na farasi wangu amevaa kroksi," Byamungu aliita kutoka upande wa pili. Shuka halikufika sakafuni, na viatu vya kazi vya Makena vilionekana chini yake. "Chérie, vuta miguu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Makena alikosea mdundo, na farasi wa jambazi akachechemea mpaka mwisho wa bonde.

Kipande kile hakikuwa na mwisho. Askari wanakaribia, jambazi anaruka kutoka kwenye farasi, mwanamke anasimama, kisha mwanga mtupu. Sehemu iliyobaki ilipotea zamani.

Jioni moja, kwenye simu, akiwa ameegesha gari kando ya nyumba za kupanga pale Burnsville, Makena alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa muuguzi wa mikataba mifupi, leo Ohio, kesho Texas, na kila alikohamia alibeba sanduku moja ambalo hakuwahi kulifungua tangu Nairobi. Ndani yake kulikuwa na viatu vyeupe vya harusi, vimefungwa kwa gazeti. Bwana harusi alikuwa ametuma ujumbe kuwa haji, asubuhi ya siku yenyewe, watu wakiwa tayari kwenye viti.

Byamungu aliuliza, "Na viatu vilikutosha?"

"Swali gani hilo, Bya?"

"Nataka kujua tu."

"Vilinitosha sana," Makena alisema, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Jumapili ya kwanza ukumbi ulijaa. Wakenya walikuja na suti za ibada, akina mama wa Kikongo na vitenge vilivyopigwa pasi vikang'aa, watoto wakaketi chini wakiongea Kiingereza. Byamungu alisimama pembeni na maikrofoni, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, na alipofungua kinywa ukumbi mzima ulikuwa wake. Askari walizungumza kama maafande wa kambini. Farasi alilalamikia mshahara. Nyuma ya shuka Makena alipiga kwato akitokwa na machozi ya kicheko.

Kisha mwanamke akaketi juu ya sanduku, na sauti ya Byamungu ikashuka.

"Mnamwona dada huyu? Mnadhani amepumzika? Amekalia sanduku ambalo hajalifungua tangu Nairobi. Ndani mna viatu vyeupe, vimefungwa kwa gazeti. Kila mji anafika nalo, kila mji anaondoka nalo. Ee dada, viatu vilikutosha. Ni bwana ambaye hakukutosha!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi.

Makena alibaki na vifuu hewani. Kwenye shuka askari walitimua mbio bondeni, farasi wote wakikimbia bila kishindo. Watu walianza kugeuziana nyuso. Byamungu alisema, "Farasi wamevua viatu," akilitupia shuka jicho. Makena alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Alipofika kwenye gari ndipo alipoona kuwa vifuu bado viko mikononi mwake.

Simu iliita mpaka akaipokea.

"Kena, chérie, nisikilize."

"Nilikupa wewe. Sikukupa ukumbi."

"Sikukutaja jina."

"Binamu yangu Maureen alikuwa safu ya pili! Unadhani hajui nani aliachwa Nairobi siku ya harusi?"

"Kwetu kambini, msimulizi akikuweka ndani ya filamu…"

"Hapa si kambini, Bya."

Akakata. Siku mbili baadaye wakala wake alimpigia: hospitali ya Spokane inamhitaji, mkataba uko tayari, jibu linangojwa Jumapili saa kumi na moja jioni. Moyo wake ulijua njia hiyo. Alitoa nguo kabatini. Alizirudisha. Alizitoa tena. Akienda kazini alipitiliza njia ya kutokea kwenye barabara kuu ya 35, akaendesha mpaka taa za mji zikaisha, akageuza. Maureen alimwambia, "Nenda tu, si ndiyo kawaida yako," nalo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Ijumaa mlango uligongwa. Alikuwa Joyeuse, dada mkubwa wa Byamungu, mwanamke mnene wa sauti ya chini, na kilemba cha njano.

"Nimetumwa vifuu," alisema. "Ila mimi si wa kutumwa hivihivi. Nipe chai kwanza, wifi."

"Mimi si wifi yako, dada Joyeuse."

"Chai haina ukoo. Weka maji."

Waliketi kati ya marundo ya nguo, na Makena akataja mkataba wa Spokane. Joyeuse aliliona sanduku kando ya ukuta, akanywa chai mpaka kikombe kikafika nusu.

"Kambini kulikuwa na filamu kila Jumamosi. Kila filamu ina mwanamke. Wasichana walimletea Byamungu karanga, sabuni, ili ampe yule mwanamke mambo yao. Ukiwekwa ndani ya filamu, kambi nzima inajua unapendwa. Hakumweka hata mmoja. Kila mwanamke alimpa maneno ya mama yetu, aliyebaki kule Uvira ardhini. Jumapili ndiyo mara ya kwanza kusikia maneno ya mtu mwingine."

Makena alizungusha kikombe. "Angeniuliza."

"Angekuuliza. Hapo alikosea, na nimemwambia, na atakwambia mwenyewe."

"Na walivyocheka, dada. Ulisikia walivyocheka?"

"Nilicheka mimi wa kwanza." Joyeuse aliweka kikombe chini. "Mimi nina begi chini ya kitanda tangu tulipotoka kambini. Sufuria ya mama, kanga mbili. Nilimwambia mume wangu, siku tukifukuzwa hapa, hili naondoka nalo. Miaka yote hii tuna nyumba, tuna magari, begi liko palepale. Mama aliyekaa karibu nami akanifinya akasema, na mimi. Tulikuwa tunajicheka wenyewe, mtoto wa watu."

Joyeuse alimaliza chai, akaaga. Vifuu hakuvidai, na Makena alimsindikiza hadi ngazini akitabasamu.

Jumapili ya pili Makena alichelewa. Alipoingia kwa mlango wa nyuma, mwanga ulikuwa umewaka na sauti ya Byamungu ilikuwa kavu. Kwato alizipiga kwa mdomo, ko-ko-ko, watoto wakamcheka. Makena alipiga magoti mbele ya sinia kimyakimya. Mwanamke wa kola nyeupe akaketi juu ya sanduku.

"Huyu dada ana maneno yake," Byamungu alisema. "Jumapili iliyopita nilisema ya ndani yake bila ruhusa. Leo mwacheni aketi."

Mwanamke aliketi, ukuta ukapepea. Kisha kule bondeni askari wakatokea, na Makena akashusha vifuu kwenye mchanga. Farasi walikuja na kishindo chao chote. Watoto walipiga kelele. Byamungu aligeuka, na chini ya ukingo wa shuka akaona viatu viwili vyeupe vya harusi.

Filamu ikakatika. Ukabaki mwanga mtupu.

"Malizia, bwana!" mtu aliita.

"Siwezi," Byamungu alisema. "Mwenye mwisho yuko nyuma." Akakohoa. "Dada wa sanduku, upo?"

"Nipo," Makena akajibu, na sauti yake ilitoka ndani ya shuka jeupe.

"Sanduku?"

"Liko wazi. Lakini siku nyingine uniulize kwanza."

"Naweza kuuliza jambo sasa?"

"Uniulize mimi, usiulize ukumbi."

Kulikuwa na kicheko, maikrofoni ikazimwa, kisha kivuli kirefu kikavuka mwanga. Byamungu aliinama chini ya shuka akaja kupiga magoti upande wa pili wa sinia. Mkono wake ulinuka sabuni ya ghalani.

"Nikimpigia mama yako Meru," alinong'ona, "nimwambie nakuja na dada yangu kuzungumza, atapokea?"

"Huko ni usiku wa manane, Bya. Utamtia hofu. Mpigie kesho."

"Kesho utakuwa Spokane?"

"Tunaona viatu!" Joyeuse alipaza sauti kutoka safu ya mbele. "Vinne!"

Simu ya Makena ilianza kutetemeka mfukoni. Ilikaribia saa kumi na moja.

"Shika hivi," alisema, akamwekea vifuu mikononi. "Nahitaji mikono yote miwili kuwaandikia watafute muuguzi mwingine."

Aliandika polepole, akasoma, akafuta neno, akaandika tena. Byamungu hakujua afanye nini na mikono yake, basi akagusa mchanga taratibu, kimoja, kisha kingine. Upande wa pili wa shuka watu walitega sikio. Alikuwa farasi mmoja tu, anayetembea bila haraka.