Kaki Ambayo Wiesława Alikataa Kuimega

Mkesha wa Krismasi ulianza kwa amani nyumbani kwa Wiesława, huko Toruń. Alikuwa akipanga keki za tangawizi na asali juu ya kaki, ule mkate mweupe mwembamba kama karatasi, ili zisigande kwenye sinia. Zikiiva, huliwa pamoja na kaki yake. Binti yake, Kinga, alikuwa akitafuna vipande vilivyokatika pembeni. Kaki nzuri kuliko zote, yenye picha ya Mtoto Yesu, ilikuwa mezani ikingoja saa ya watu kumegeana, kusameheana na kutakiana heri, kama ilivyo desturi ya huko.

Lakini ndugu zangu, Kinga alikuwa amevaa koti humo humo ndani, na alikuwa akikohoa. Baba yake, Ryszard, alikuwa ameuza makaa yote ya kupashia nyumba joto, na fedha akazinywea vodka.

Giza lilipoingia, Ryszard alifika akipepesuka, akaichukua kaki na kumnyooshea mkewe. Kila mwaka alifanya hivyo. Alilia, akaapa, akasamehewa, na kabla Januari haijaisha alikuwa amerudi baa.

"Mega, Wiesia," alimbembeleza kwa kifupi cha jina lake. "Leo hakuna kununiana."

"Simegi."

Mama mkwe, Teofila, aliyekuwa ameketi mezani, alimwambia kwamba tangu azaliwe hajaona mwanamke akikataa kaki siku hiyo, na kwamba majirani wakisikia itakuwa aibu.

"Aibu tunayo tayari, Mama, inakohoa pale. Mwanao nimemsamehe kila mwaka, na kila mwaka ameunywa msamaha wangu. Mwaka huu hapati cha kunywa."

Aliichukua kaki mkononi mwa mumewe, akamega na Kinga, kisha akamnyooshea mkwewe. Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamega.

Ryszard aliondoka akibamiza mlango. Wiesława akabadilisha kitasa.

Alisemwa sana, hata kanisani. Hakuyumba. Ryszard alilala kwa marafiki mpaka wakamchoka, na majira ya kuchipua akaenda mwenyewe hospitali ya walevi.

Krismasi iliyofuata alisimama mlangoni, amekonda, macho maangavu, haombi kitu. Wiesława alimkagua toka juu mpaka chini, kisha akamega kipande cha kaki, kidogo kama ukucha, akampa.

"Hiki ni cha leo," alisema. "Cha mwakani kifanyie kazi."

FUNZO

Mlevi anayesamehewa bila kubadilika ni kama amepewa nauli ya kurudi baa. Tuache kumsema mwanamke anayekataa. Tumseme baba anayekunywa joto la watoto wake.