Mtungi Uliosuuzwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwelu alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse: kumpelekea nyanya yake beseni la maji moto. Susu Kasyoka, kama walivyomwita, alikuwa ametoka Ndithini ili magoti yake yatibiwe mjini Machakos, na daktari aliagiza ayakande kwa maji moto kila siku. Susu alikuwa akitumbukiza miguu, anafumba macho na kusema, "Eee, sasa nimekuwa msichana." Kisha anaanza visa vya ujana wake, na Mwelu anachelewa shule.

Maji hayo yalitoka kwenye boila. Baba yake, Musili, aliinunua kutoka lojingi moja, nyumba ya wageni iliyofungwa. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lenye kichomeo cha dizeli, nyuma ya jikoni. Kila mgeni, hata muuza mayai, alipelekwa kuiona kabla ya kupewa kiti.

Alhamisi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, boila ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Nani ameigusa?" baba akauliza.

"Si mimi," Mwelu akajibu upesi mno.

Lakini alikuwa ameigusa. Jana yake alitumwa kumimina dizeli kwenye tangi. Mtungi ulipoisha, aliona mafuta kidogo yamebaki yakishika pembeni. Nyumbani kwao hakitupwi kitu. Mama yake, Ann, husuuza kwa maji hata kopo la mafuta ya kupikia na kuyamimina maji hayo kwenye sufuria ya mboga. Basi Mwelu akatia maji kama lita moja mtungini, akatikisa vizuri, akamimina yote kwenye tangi. Tena alijipongeza.

Baba akajifanya fundi. Akabadilisha fyuzi. Akagonga bomba kwa koleo. Akabonyeza kitufe chekundu cha kuwashia. Boila ikavuma, ikanyamaza. Akabonyeza tena, na tena. Susu akatoa kiti nje, akaketi kutazama.

"Musili, nichemshie kwa kuni."

"Kuni, mama? Na boila iko hapa? Majirani watasema nini?"

"Watasema mama yako amepata maji moto."

Ijumaa ilikuwa vilevile: kitufe, mvumo, kimya. Jumamosi asubuhi Mwelu alimkuta Susu akikunja leso zake na kuzitia kwenye begi.

"Unaenda wapi, Susu?"

"Ndithini. Basi ni saa tano. Kwangu hakuna mashine, kwa hivyo hakuna ya kuharibika."

Bahati nzuri, mama alikuwa amechoka na mavumo ya bure, akaita fundi kutoka mjini. Alifika mwanamke mwenye ovaroli na mtandio, amebeba sanduku la vifaa.

"Fundi yuko wapi?" baba akauliza.

"Unamwona. Naitwa Rehana. Kabla ya kuzima, mlifanya nini?"

"Hakuna."

"Basi itabidi nifungue kila kitu. Hiyo ni kazi ya siku mbili."

Susu akashika begi lake.

"Ni mimi!" Mwelu akapaza sauti. "Nilisuuza mtungi kwa maji nikamimina kwenye tangi."

Baba alifungua mdomo, lakini Rehana alishainama. Alilegeza chujio la mafuta na kukinga kwa chupa tupu ya jamu. Maji yakatulia chini, dizeli ikaelea juu yake.

"Ndiyo haya. Maji hayawaki." Akafungua kichomeo, na dizeli ikachuruzika hadi kwenye viatu vyake. "Mzee, kitufe hiki ulikibonyeza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mbili?"

"Labda tatu."

"Baba," Mwelu akasema polepole, maana alishaanza kusema kweli na hakujua pa kuachia, "ni ishirini na saba. Nilihesabu."

Susu alicheka hadi akashika mbavu. Rehana hakucheka.

"Kila ukibonyeza, inamwaga dizeli ndani. Ingeshika moto na hayo yote, mlango huu tungeuokota kwa jirani."

Baba akaketi juu ya mtungi.

Rehana alimwaga maji yote, akakausha kichomeo, akatia dizeli safi, akabonyeza kitufe mara moja tu. Boila ikanguruma na kuendelea kunguruma.

"Kosa la mtoto lilikuwa la nusu saa," alisema akifunga sanduku. "Limekula siku tatu kwa sababu watu wawili walificha. Mashine haina mdomo, ndiyo sababu nauliza wenye midomo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Watu wawili?" baba akauliza.

"Wawili," Susu akajibu, miguu tayari ndani ya beseni. "Na mmoja ana ndevu. Mwelu, mjukuu wangu, hebu toa leso zangu kwenye hilo begi."