Nakala ya Kwanza

Harufu ya wino ilianzia kwenye mto wa mume. Mhariri, mkewe, alifua foronya, akaianika, akainusa: wino ule ule mbichi, kama gazeti limetoka mtamboni sasa hivi. Na mtambo wenyewe ulishauzwa chuma chakavu. Gazeti limehamia kwenye simu, mafundi wamepunguzwa wote kwa ujumbe mmoja mfupi, tena wenye makosa.

Enzi za mtambo, nakala ya kwanza haikusomwa na mtu. Fundi mkuu aliikunja, akaisukuma chini ya mashine, akaliambia jini la humo, "Chako hicho, tuachie zetu." Kila mtu alijua, mhariri naye alijua. Lakini gazeti la simu halina nakala ya kwanza, lina msomaji wa kwanza tu. Na huyo alikuwa mumewe, mwanamume asiye na shughuli asubuhi, aliyejigamba kwamba habari za mkewe haziguswi na mtu kabla yake.

Asubuhi moja mume alifungua habari kwenye simu, akashika jicho la kushoto.

"Mke wangu, hebu nitazame. Kuna nini humu?"

Hamkuwa na kitu. Hata mboni haikuwemo. Jicho jeupe pe, kama karatasi isiyopigwa chapa.

Mhariri alikimbia kwa fundi mkuu, kaka wa mumewe. Alimkuta mlangoni akikata kucha.

"Shemeji, njoo ulifukuze lile jini."

"Nilifukuzwa mimi. Lenyewe lilibaki kazini."

"Ndugu yako anapofuka!"

"Siku ya kutupunguza ulikuwemo kikaoni. Ulisema nini?"

Mhariri akatazama chini.

"Basi sema hivyo hivyo leo." Akaingia ndani, akaacha upenyo wa mlango. "Halifukuziki lile. Linataka chake kabla ya watu. Ukilinyima, litamaliza lililoanza. Mtafutie mumeo mbadala."

Jioni mhariri hakuchapisha kitu, akadhani ameliweza, na hapo ndipo ngurumo ilipoanza chini ya sakafu, polepole, kisha kwa kasi ya mtambo ulioshika moto, vijiko vikacheza kabatini, wino ukachuruzika ukutani mweusi wa kunata, na mumewe akajikunja kitandani akishika jicho lililobaki, akinong'ona, "Linafunua kurasa kichwani mwangu, mke wangu, linafunua, linakaribia mwisho..."

Mhariri akampigia mkurugenzi wa gazeti.

"Bosi, nina habari nzito. Isome wewe kabla sijaiachia."

"Ndivyo ninavyotaka. Lete."

Akaituma. Ngurumo ikakatika. Mume akafumbua jicho la kulia, likaona. Kwenye simu, sauti ya mkurugenzi ikapanda: "Nani kawasha mtambo ofisini kwangu? We mama, mbona sioni..."

"Isome mpaka mwisho, bosi," mhariri alisema, akakata.

Nyumba ikatulia. Mume akamshika mkono.

"Na toleo la kesho?"

"Mwenyekiti wa bodi," alijibu, akitafuta namba. "Naye hapendi kupitwa."