Uji wa Wifi Tryphena

Kila asubuhi Dinah alikuwa na kazi tatu: kumkatia ng'ombe majani, kumtania ng'ombe huyo, na kumpelekea wifi yake Tryphena kibuyu cha uji, matuta matatu chini ya kwao.

Hapo Werugha, kijijini kwao mlimani, mwanamke aliyejifungua hutembelewa mpaka mlango uchoke kufunguliwa. Lakini mwaka ule wa 1957 homa kali ya mafua ilikuwa imepanda mlima. Watu wa zahanati waliagiza kila mtu akae kwake. Crispus, kaka yake Dinah na mume wa Tryphena, alikuwa kazini kwenye reli Voi. Mama yao alikuwa kitandani akikohoa. Basi Tryphena, mwenye mtoto wa wiki tatu, alibaki na mgeni mmoja tu: Dinah, tena wa mlangoni.

"Uji, wifi! Ng'ombe anakusalimu!"

"Sina njaa. Rudi nao."

Kupanda mlima na kibuyu kizito? Dinah alijificha nyuma ya migomba akaunywa. Ulikuwa na maziwa na sukari, uji wa mzazi hasa.

"Amekunywa?" mama aliuliza.

"Wote, mama! Nusura ale na kibuyu."

Mama alimshukuru Mungu. Ikawa hivyo siku sita. Mashavu ya Dinah yalinawiri, kana kwamba yeye ndiye aliyezaa.

Siku ya saba, mtoto alikuwa akilia na hakuna aliyembembeleza. Dinah alichungulia. Tryphena alikuwa ameketi akitazama ukuta, mifupa ya mabega imemtoka.

"Wifi, ng'ombe anakusalimu," Dinah alisema polepole.

Tryphena hakugeuka. "Mchukue mtoto, Dinah. Mpeleke kwa mama. Mimi sifai kuwa mama yake."

Siku hiyo uji haukunyweka. Dinah alipanda mbio, kibuyu kimejaa, akasimama mlangoni kwao akilia.

"Mama, nimekudanganya. Wifi hali kitu. Uji nimekuwa nikinywa mimi."

"Siku ngapi?"

"Sita."

Mama hakumchapa. Alijikokota hadi uani akamwita Mama Alice, mkunga aliyekwisha kuugua homa ile akapona. Mama Alice aliingia kwa Tryphena, akambeba mtoto, akamnywesha Tryphena uji kijiko kwa kijiko. Alilala huko siku nyingi, akampeleka zahanati pia. Kila alasiri, majirani walisimama kwenye tuta la juu, kila mmoja mbali na mwenzake, wakimpigia kelele.

"Tryphena! Mimi nilipojifungua mtoto wa kwanza nililia mwezi mzima!"

"Na mumeo akalia kwa ajili ya mapishi yako!" mwingine akadakia.

Jioni ya tano, kutoka ndani, kicheko kidogo kilisikika. Dinah aliruka kama mbuzi.

Homa ilipopita, mama alishuka mwenyewe. Alimkuta Tryphena juani akimnyonyesha mtoto.

"Nilidhani ni uvivu wangu, mama," Tryphena alisema.

"Si uvivu, mwanangu. Uzazi huchosha mwili, na moyo pia huugua. Ugonjwa wa moyo husemwa, kama homa." Kisha akamgeukia Dinah. "Na wewe! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ungesema kweli siku ya kwanza, asingeteseka siku sita. Lakini ulisema, ndiyo maana tuko naye."

Dinah aliinamisha kichwa. Tryphena akamsogezea kibuyu.

"Haya wifi, tugawane. Na ng'ombe msalimie."