Mafiga Chini ya Jamvi

Jioni ile Beatha alichukua ndoo na kopo, akapanda kanisani kumwagilia jamvi, sakafu mpya ya zege. Zege jipya halitaki kuachwa na kiu, na zamu ilikuwa yake. Kanisa lao, huko milimani juu ya Same, lilikuwa limepanuliwa upande wa altare, na Jumapili mjukuu wake angekuwa mtoto wa kwanza kubatizwa hapo. Mkwe wake, Asteria, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili kabla ya huyu. Beatha alimpenda mtoto yule hadi akawa anamwogopea.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya ilitakiwa kupeleka mawe ya kupanga chini ya jamvi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na korongoni ni mbali. Basi akaingia mpungini, msitu wa ukoo ambamo zamani mafuvu ya wazee yalihifadhiwa, akachukua mafiga matatu ya tambiko, yaliyokaa pale bila moto tangu watu walipobatizwa. Alifanya kwanza ishara ya msalaba. Wafu hawapiki, alijiambia. Akayasugua kwa mchanga, lakini masizi hayakutoka; akayapeleka hivyohivyo.

Sasa alisita mlangoni. Ndani kulinuka moshi...

Si ubani. Moshi wa kuni mbichi, na kitu kinachochemka.

Akamwaga kopo la kwanza. Maji yakatandaa vizuri. Akasogea karibu na altare, akamwaga tena. Tsss... Yakakauka palepale. Akamimina ndoo nzima, sakafu ikainywa yote. Akagusa kwa kiganja, akakiondoa upesi.

Zege lilikuwa la moto.

"Umeyafukia vizuri," sauti ikanong'ona.

Bibi kizee alikuwa amechuchumaa ukutani, kanga kichwani, chungu mapajani. Beatha hakumfahamu, na kijijini kwao hapakuwa na bibi asiyemfahamu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Hapa ni kwa wenyewe, mwanangu," alisema taratibu. "Sasa mimi nitapikia wapi?"

Mtu aliyelelewa vizuri hujibu kabla hajafikiri, na hilo ndilo lililomponza Beatha. Bibi wa watu, giza linaingia, hana jiko... Ulimi ukamtangulia.

"Karibu nyumbani, bibi."

Aliinama kuokota ndoo. Alipoinuka, ukutani hapakuwa na mtu.

Alishuka mteremko mbio, akayasahau hata magoti. Asteria alikuwa uani akianua nguo, ametulia kabisa.

"Pole na kazi, mama. Yule bibi uliyemkaribisha ameshafika. Nimemwachia mtoto jikoni."

Beatha akausukuma mlango. Bibi hakuwepo. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na hakuna kati yao aliyeuwasha. Mtoto alilala mkekani karibu na mafiga, macho wazi, kimya. Alikuwa mzima, Mungu ashukuriwe. Ila utosini palikuwa na alama ya masizi, upana wa kidole gumba.

Wakamwogesha kwa sabuni. Haikutoka.

Asubuhi Beatha alimfuata fundi Elibariki, akamsihi abomoe kipande kidogo tu karibu na altare, atoe mawe matatu.

"Mama, zege limeshashika," Elibariki alisema. "Nikilibomoa, padri nitamwambia nini?"

Beatha alikuwa na jibu. Kwa aibu, akarudi nyumbani nalo.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Watu walisifu bati jipya, wakasifu sakafu. Asteria akamwinamisha mtoto juu ya beseni, palepale karibu na altare. Padri akamimina maji kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Watu wakaitika amina, kwaya ikapokea, vigelegele vikapigwa. Beatha hakuweza kuimba. Macho yake yalikuwa kwenye beseni, na puani mwake mlikuwa na harufu ya kuni mbichi.

Beseni lilikuwa kavu.

Utosi wa mtoto pia.