Hema Lenye Mkono wa Shati

Nyumbani kwetu cherehani ndiyo huamka kwanza. Kabla chai haijachemka, Mama ameshakaa, mguu uko kwenye pedali, sindano inakimbia. Mama ni mshonaji wa sare. Mshono wake hauachii hata uuvute vipi, na yeye analijua hilo. Nguo anayoridhika nayo huitia lebo ndogo nyekundu ndani ya kola. Asiyoridhika nayo haipati lebo, hata mteja abembeleze.

Baba alikuwa fundi wa madirisha ya alumini. Siku moja alianguka kazini, goti likavunjika. Goti lilipona, lakini kupanda ngazi za ujenzi kukawa basi. Kutwa akawa anakaa dirishani akitazama barabara. "Zamani niliwafungia watu madirisha," alikuwa akisema, "siku hizi nachungulia tu." Utani huo ni wake mwenyewe, ila yeye alikuwa wa kwanza kuacha kuucheka.

Nyuma ya zahanati ya mtaa wetu kuna bustani ya kikundi cha akina mama. Kila msimu miche yao ilikuwa ikiliwa na kuku, au kuunguzwa na jua ingali michanga. Baba akawaendea.

"Niachieni mimi," aliwaambia. "Nitawaoteshea nyanya na pilipili hoho ndani ya nyumba. Mvua zikianza, mnakuja kuchukua."

Wakakubali, wakaanza kutayarisha matuta. Siku hiyo Baba alirudi anapiga mluzi. Tangu aanguke sikuwa nimeusikia mluzi ule.

Chumba chetu cha nyuma hakipati jua, kwa hiyo aliamua kutengeneza taa. Alinunua mikanda ya taa za LED, zile taa ndogondogo zilizopangwa kwenye utepe. Akaibandika kwenye ubao na kuunga nyaya. Mama naye akashona hema la kukuzia miche. Nje alitumia kitambaa kizito cheusi, na ndani kitambaa kinachong'aa ili mwanga usipotee. Mlango akautia zipu. Kila mshono aliupitia mara mbili.

"Humu hata pumzi haitoki," alisema kwa majivuno, akashona lebo yake nyekundu juu ya mlango.

Ubao wa taa ulikuwa na ncha kali. Ili usikwaruze hema, Mama aliufunika mgongo kwa sponji na kitambaa, ukawa laini kama mto. Tulikuwa watu watatu wazima katika nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza hewa itapita wapi. Tulikuwa tumesikia kwamba taa za LED hazina joto. Ukiweka kiganja mbele yake, kweli huhisi kitu. Tukaamini.

Mbegu ziliota vizuri. Kisha majani yakaanza kujikunja kingo, na ncha zikawa za kahawia.

"Kiu hiyo," Baba alisema, akamwagilia.

Majani yakazidi kujikunja. Akamwagilia tena. Mwishowe vishina vililainika pale chini, miche ikalala. Baba aliitupa kimya kimya, akapanda mbegu zilizobaki. Hakumwambia mtu. Mwenyekiti wa kikundi alinikuta dukani akaniuliza, "Watoto wetu wanaendeleaje?" Nikajibu wanaendelea. Nilijisikia vibaya njia nzima.

Miche ya pili nayo ikaanza kujikunja. Nilimkuta Baba ameketi kwenye kigoda mbele ya hema.

"Hizi ndizo mbegu za mwisho, mwanangu," alisema. "Zikifa hizi, nitawaambia watafute mtu mwingine. Mimi nitarudi dirishani kwangu."

Alisema bila kunitazama. Iliniuma sana. Sikumwomba ruhusa. Nilishuka moja kwa moja hadi ghorofa ya chini, kwa Fundi Barafu.

Fundi Barafu ni mwanamke anayetengeneza mafriji. Mama humwita mdogo wake, kwa hiyo Baba ni shemeji yake, na haipiti siku bila kumtania. Alipanda na mkoba wake, akafungua zipu ya hema. Joto likampiga usoni.

"Shemeji," alisema, "unaotesha miche au unaoka mikate?"

"Taa hizi hazina joto," Baba alijibu. "Weka mkono uone."

"Nitaweka. Kwanza tumuulize huyu." Alitoa kipimajoto, akakitundika usawa wa majani, akakikinga kwa kipande cha karatasi kisipigwe na mwanga. Akafunga zipu. "Haya, chai iko wapi? Mbona mambo haya hamkuyasema mapema?"

"Sikutaka kusumbua watu," Baba alisema.

"Mficha uchi hazai, shemeji."

Baada ya chai alikwenda kusoma kipimajoto. Kilionyesha nyuzi thelathini na tisa.

"Miche ya nyanya hupenda kama ishirini na tano," alisema. "Ikipanda kidogo inavumilia. Hapa inaungua."

"Lakini maji naipa," Baba alisema.

"Chomeka kidole kwenye udongo."

Baba alichomeka. Kilitoka na tope.

"Jani hujikunja kwa kiu, na kwa joto pia hujikunja. Udongo ukiwa na unyevu, usimwagilie. Wewe ulimnywesha maji mtu anayetaka feni."

Hata Baba alicheka kidogo. Fundi Barafu akasema, "Sasa chomoa waya kwenye umeme. Taa ikiwa na umeme haiguswi." Baba alichomoa. Fundi alishusha ubao, akafumua kitambaa cha nyuma. Chini yake sponji ilikuwa imebadilika rangi, ya kahawia katikati, na ilinuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mama aliichukua akaishika mkononi.

"Hii ingetuamsha sote jengoni," Fundi Barafu alisema taratibu.

"Lakini mbele ni baridi," Baba alisisitiza.

"Njooni jikoni."

Tulimfuata. Alitufungulia friji yetu. "Ndani kukoje?"

"Baridi," nilisema.

"Pelekeni mkono huku nyuma."

Tulipeleka kwa zamu. Nyuma palikuwa na joto.

"Friji hailimezi joto," alisema. "Inalitoa ndani na kulimwaga nyuma. Ndiyo maana haigandamizwi ukutani. Na taa ya LED joto lake liko mgongoni. Mwanga huenda mbele, joto hubaki nyuma. Lisipopata njia, taa inajipika yenyewe, inafifia na kufa mapema. Hema nalo linakuwa tanuri. Nyinyi mmelivika joto blanketi. Ubao hauliondoi, na sponji ndiyo kabisa. Linataka kitu cha kulipokea upesi na kulitawanya."

Baba alikuna kidevu.

"Alumini," alisema. "Tukikata madirisha juani, tulikuwa tunavaa glovu. Ilikuwa inapokea joto mara moja."

"Umejijibu mwenyewe, shemeji."

Baba aliinua kichwa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na vipande vya alumini alivyokataa kuvitupa tangu aache kazi, ingawa Mama alivilalamikia kila akifagia. Siku hiyo Mama hakulalamika.

"Limebaki hema," Fundi Barafu alisema. "Inabidi likatwe. Tundu moja chini, hewa ya ubaridi iingie. Lingine juu, upande wa pili, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Hapo juu tunaweka feni ndogo ya kompyuta kuukuu, ivute joto nje."

"Hema langu halikatwi," Mama alisema.

"Miaka yote ninashona," aliendelea, "hakuna aliyetia mkasi kwenye mshono wangu ukiwa mzima."

"Dada, mshono wako hauna kosa," Fundi Barafu alisema. "Ni mzuri mno. Joto limetafuta pa kutokea, halikupata hata tundu la sindano."

Mama alikuwa bado ameshika ile sponji.

"Liache hema," Baba alimwambia kwa upole. "Nitajaribu kupanda kwenye makopo."

Nyumba yetu haina jua la kutosha hata kopo moja. Sote tulilijua hilo, na Mama zaidi. Alimtazama Baba kwa muda. Kisha aliweka sponji chini, akaenda kuchukua mkasi.

"Sogeeni," alisema. "Kama ni kukatwa, nitakata mwenyewe."

Alikata. Lakini Mama si mtu wa kuacha tundu limekaa uchi. Kwenye tundu la juu alishona mkono mzima kama wa shati, wenye kafu mwishoni na kamba ya kukazia, na feni ikakaa sawasawa ndani ya kafu. Tundu la chini alilitia chandarua kuzuia wadudu, na mbele yake pazia fupi ili mwanga usitoke. Fundi Barafu alilitazama akasema amekwisha kutengeneza mafriji mengi, ila friji ya kuvaa shati hajawahi kuiona.

Upande wa pili Baba alikuwa anakata alumini. Mkono wake haukuwa umesahau. Alihamisha mikanda ya taa, akaibandika kwenye alumini kavu iliyosafishwa. Sehemu za nyaya zilizo wazi alizifunika kwa tepu ya umeme zisiguse alumini. Mgongo wa taa aliuacha wazi, bila sponji wala kitambaa. Adapta ya taa, kile kisanduku cha kupunguza nguvu ya umeme, ambayo nayo hupata moto, aliitoa ndani ya hema akaitundika ukutani, juu, mbali na maji. Taa alizining'iniza kwa minyororo ili azipandishe miche ikirefuka. Fundi Barafu akamshauri aziwashe kuanzia jioni hadi asubuhi, na kuzizima mchana, joto la nje linapozidi.

Waliwasha. Feni ikaanza kuvuma polepole, mkono wa shati ukajaa hewa. Tulisubiri. Baba alifungua zipu akaniita nisome kipimajoto.

"Ishirini na sita," nilisema.

Akamwita Mama naye asome. Kisha akamwita Fundi Barafu, ambaye alikuwa amesimama palepale. Nilijivunia baba yangu siku ile, na mama yangu zaidi.

Michache ilikufa. Iliyobaki ilitoa majani mapya, mapana, yaliyonyooka. Baba akawa anachomeka kidole kwenye udongo kabla ya kugusa kopo la maji. Vishina vilinenepa.

Mvua zilipoanza, akina mama wa bustani walikuja na makreti. Mwenyekiti wao alilizunguka hema akasimama mbele ya ule mkono.

"Na hili shati ni la nani?"

Baba hakungoja. Aliwaeleza yote, kuanzia kosa. Aliwaonyesha sponji iliyoungua, ambayo aliitunza kwa makusudi. Kisha akawapeleka jikoni, mmoja mmoja, wakapeleka mkono nyuma ya friji.

"Msimu ujao utupe na bilinganya, Mwalimu," mwenyekiti alisema.

Kuitwa Mwalimu kulimfanya Baba apangusie macho kwenye bega. Aling'ang'ania kubeba kreti la kwanza yeye mwenyewe. Akashuka ngazi, mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni, anapiga mluzi.

Mama hakushuka nasi. Niliporudi kuchukua kreti lingine nilimkuta juu ya kiti, sindano mdomoni. Juu ya mlango wa hema palikuwa pamebaki vitundu vya uzi uliofumuliwa. Lebo nyekundu alikuwa anaishona upya, kwenye kafu, palepale alipokata.

"Shika kiti," aliniambia, "nisije nikaanguka."

Nikakishika mpaka alipomaliza.