Habari Ambayo Haikuwa Gazetini

Ndugu zangu, sogeeni karibu, maana jambo hili halikutokea mbali na kwetu. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee, yenye ukumbi mrefu na viti vya mbao vilivyotandikwa mito, kulikuwa na saa moja tulivu kuliko zote. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, chai imekwisha kunywewa na vikombe vimeondolewa. Wazee kumi na wanne walikaa nusu duara, na mbele yao mzee mmoja akafungua gazeti, akakohoa kidogo, akaanza kuwasomea.

Walimwita Mzee Nukta. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti, akisahihisha makosa kabla karatasi haijaingia mtamboni, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuwasahihisha watu. Ukisema neno kombo mezani, anakurekebisha kabla hujameza tonge. Lakini macho yake yalikuwa mazima, na pale macho mazima yalikuwa mali. Mkunga mstaafu, aliyekaa kiti cha kwanza, alikuwa haoni kabisa. Wengine waliona ukungu mtupu. Kwao dunia ya nje ilikuwa ile iliyotoka mdomoni mwa Mzee Nukta, na yeye alilijua hilo, akalipenda mno. Hata kwenda bafuni alikwenda kama mtu mwenye cheo.

Basi akaletwa bibi mmoja mnene, mcheshi, aliyeuza maharage sokoni kwa miaka arobaini. Siku ya kwanza tu wakambandika jina la Bi Mizani. Kusoma hakujua vizuri, na macho yenyewe yalikuwa ya kubahatisha, lakini mdomo, jamani, mdomo alijaliwa. Mzee Nukta akisoma kwamba waziri ameahidi barabara, Bi Mizani anauliza, "Ameahidi kwa maneno au kwa katapila?" Ukumbi mzima unaangua kicheko.

"Bibi, tafadhali, sijafika mwisho wa sentensi," Mzee Nukta anasema.

"Niwie radhi, baba. Nilidhani umeegesha."

Wanacheka tena. Mzee Nukta anautafuta mstari wake kwa kidole, huku masikio yanamwaka moto.

Kulikuwa na dada aliyepanga shughuli za wazee: leo mazoezi ya kwenye viti, kesho kupanda mboga kwenye makopo, keshokutwa kuimba. Dada huyu akakiona kipaji. Akaleta mizani ya zamani na mfuko wa maharage, akampa Bi Mizani meza. Kila Jumatano wazee wakawa wanauziana maharage na kubishana bei, na walilipana vifuniko vya chupa. Mikono iliyokuwa imelala mapajani mwezi mzima ikaanza kuchambua punje. Na fundi bomba mmoja, ambaye tangu apatwe na kiharusi alikuwa hajatamka neno kwa miezi minane, alishika kopo lake la kununulia, akamtazama Bi Mizani, akasema, "Punguza."

Dada wa shughuli alilia. Mkunga aliuliza, "Nani huyo kasema?" akaambiwa, naye akalia. Bi Mizani peke yake hakulia. Alisema, "Sipunguzi hata punje, we mzee utanifilisi," na fundi bomba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mzee Nukta alikuwa amesimama dirishani, anatazama. Na hapa nawaomba msimhukumu upesi, maana nani kati yetu hajawahi kusimama pale. Yeye ndiye aliyemsomea fundi bomba huyo miezi yote minane. Alimsomea mpira, mvua, bei ya mafuta. Hakupata hata "ndiyo" moja. Huyu mama wa maharage, wiki tatu tu, kapewa neno! Wivu ulimwingia. Tangu siku ile kila aliposikia vifuniko vya chupa vikigongana mezani alihisi kama kuna mtu anamchoma sindano. Akaanza kuhesabu nani amemcheka na nani amemwita Bi Mizani "mama yetu". Alipomaliza kuhesabu, akaanza kutunga.

Ilimchukua siku tatu. Jumanne alipofungua gazeti, mkunga akamwambia kwa upole, "Mzee mwenzangu, leo usitusomee kirefu. Tunataka kuchambua maharage ya kesho."

Hilo ndilo lililommaliza. Dada wa shughuli alikuwa stoo, anatafuta vifuniko zaidi.

"Kuna moja fupi," Mzee Nukta alisema. Akainua gazeti hadi likamfunika uso, akasoma kwa sauti ileile ya kila siku: "Wakaguzi wa vipimo wamegundua kwamba mwanamke mmoja, muuza maharage wa miaka arobaini, alikuwa akiwapunja wateja kwa kubandika kipande cha chuma chini ya sahani ya mizani yake. Mwanamke huyo, ambaye sasa ni mzee, inasemekana anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee."

Mbele ya macho yake palikuwa na tangazo la magodoro.

"Hebu soma tena," Bi Mizani alisema. Akarudia neno kwa neno, hakukosea hata herufi.

"Mimi sijawahi," Bi Mizani alisema. "Mizani yangu ilikaguliwa kila mwaka."

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa, bibi."

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. "Nimenunua maharage sokoni kule miaka mingi," alisema. "Nikiyapika nyumbani, siku zote yalikuwa machache. Kumbe."

Jumatano meza iliandaliwa, asije mtu. Fundi bomba aliinuka na kopo lake, jirani akamvuta mkono wa shati, akakaa. Bi Mizani alikaa nyuma ya mizani mpaka mchana, kisha akaanza kuyarudisha maharage mfukoni kiganja kwa kiganja. Alhamisi hakutoka chumbani. Sahani zake zikawa zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Dada wa shughuli aliposikia habari hiyo alimwomba Mzee Nukta lile gazeti, akajibiwa kwamba lilimwagikiwa chai, likatupwa.

Kwa hiyo saa ya gazeti ikarudi kuwa yake. Siku tano alisoma bila mtu wa kumkatiza. Raha aliyoitarajia hakuiona. Kila akiinua macho alimwona fundi bomba, kopo mkononi, mdomo umefungwa kama zamani.

Siku ya sita alikuja binti wa Bi Mizani, mshona sare za shule, ambaye mama yake alikwisha kumsimulia yote, na gazeti la Jumanne ile alilolitafuta kwa wauza magazeti mpaka akalipata. Hakupiga kelele. Alilitandaza mezani mbele ya wazee wote, akamwomba dada wa shughuli alisome ukurasa kwa ukurasa, kila kichwa cha habari. Walikaa karibu saa nzima. Dada alisoma mpaka bei za magodoro, akafika mwisho.

"Babu," binti alisema, "nionyeshe kwa kidole. Ilikuwa wapi?"

Mzee Nukta alinyoosha kidole juu ya gazeti, akakirudisha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaonyesha wengine makosa yao kwa kidole hichohicho. "Haimo," alisema.

"Mama yangu alikukosea nini?"

"Walikuwa wanamsikiliza yeye."

Mkunga alijishika mdomo. Bi Mizani alikuwa amesimama mlangoni, begi lake limekwisha kufungwa. Walimsihi. Mkunga alikwenda akipapasa viti hadi akampata mkono, akaomba radhi akilia. Bi Mizani aliuacha mkono wake ushikwe, lakini hakubaki.

"Miaka arobaini sokoni, baba," alimwambia Mzee Nukta, "hakuna aliyeniita mwizi. Nimekuja kupumzika ndipo nimeitwa. Na hawa wenzangu hawakuniuliza hata mara moja."

Akaenda kuishi kwa binti yake, aliyeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Dada wa shughuli alimtembelea mara mbili, akamkuta amekaa peke yake chumbani, anautazama ukuta, hana mzaha hata mmoja. Kule nyumbani kwa wazee mizani ilifungiwa kabatini. Fundi bomba hakusema tena.

Mzee Nukta aliendelea kusoma, kwa sababu mikono ya dada ilikuwa na kazi nyingine palepale ukumbini, na macho mengine mazima hayakuwepo. Ila sasa kila akimaliza habari moja, iwe ya mvua au ya mpira, mkunga anageuka upande wa dada na kuuliza, "Hebu tazama, mwanangu. Imo?" Dada anainama, anatazama. "Imo." Ndipo aendelee.

Asubuhi moja, miezi mitatu baadaye, alifika ukurasa wa matangazo ya vifo. Akasoma jina kamili la mwanamke, ambalo wengi pale hawakuwahi kulisikia, na umri wake, na kwamba aliuza maharage sokoni kwa miaka arobaini, mwaminifu kwa wote.

"Ni Bi Mizani," alisema.

Mkunga aligeuza uso upande wa dada.

"Asije akawa anatutungia tena," alisema. "Mwanangu, imo?"

Dada alilisoma mara mbili. "Imo," alisema.

Mzee Nukta alilia palepale, gazeti mapajani. Na wale wasioona wakawa wanaulizana kwa kunong'ona kama hayo ni machozi ya kweli.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu hauzeeki pamoja na mwili. Mwenzako akipendwa, hujaporwa kitu. Fundi bomba angeweza kusema "punguza" Jumatano, na kusikiliza gazeti Alhamisi. Ukiwa wewe ndiye macho ya wasioona, usiwaongezee jambo wala usiwapunguzie, kwa kuwa hawana pa kwenda kuhakikisha. Nasi tunaosikiliza tusijikoshe: Mzee Nukta alisema uongo mara moja, sisi tukaukamilisha kwa kutouliza. Wazee wetu wamebakiwa na saa chache za furaha kwa wiki. Anayewanyang'anya hizo amechukua kitu ambacho hataweza kukirudisha, hata akijuta kwa dhati.